Batri ya Motokari Katika Nyumba: Waya Gani Unatangulia Kutoka?

Katika miji yetu ya migodi batri ya motokari haikai mahali pamoja. Asubuhi iko chini ya kapo, inaamusha moteri. Magaribi, wakati umeme unakatika, baba anaitoa, kijana mukubwa anaibeba mupaka ndani ya nyumba, wanafungia pale ampuli, redio ao televizio. Siku ya Mungu inaweza kwenda tena kutumikisha ampli ya korali. Kesho yake inarudi kwa motokari. Kwa hiyo jamaa fulani wanafungua na kufunga batri mara mingi kwa juma moja kuliko fundi wa garaji. Na wengi wanafanya kazi ile giza ikiisha kuingia, kwa mwangaza wa buji, haraka haraka, watoto wamezunguka kapo juu ya kuangalia.

Ni kazi ya dakika kumi. Haiombi nguvu wala masomo mingi. Inaomba tu kushika mupango moja. Kila fundi atakuambia: «Toa − kwanza.» Ukimuuliza juu ya nini, wengi watakujibu: «Ni vile tu.» Hapana, haiko vile tu. Kuko sababu, na kijana mwenye kuelewa sababu hawezi kusahau mupango hata kama tochi imezimika.

Ndani ya sanduku ile kuko nini?

Batri ya kawaida ya motokari ndogo iko na vyumba sita. Kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo, zote pamoja zinafanya 12. Ndani ya vyumba kuko mabamba ya risasi (ile metali nzito tunayoita plombo) na maji yenye asidi kali ya sulfuriki, karibu sehemu moja kwa tatu ya uzito wake. Ni Mufaransa Gaston Planté aliyevumbua batri ya risasi, mwaka wa 1859, na mupaka leo kanuni yake haikubadilika. Tuseme hapa, kwa kuwa vijana wa Kolwezi wanatuuliza: kobalti inayotoka kwetu haiingii katika batri hii. Kobalti inaenda katika batri za litiumu, zile za simu na za motokari za umeme. Hizo ziko na sheria zake zingine, na makala hii haizigusi.

Watu wengi wanasema: «Volti 12 haiwezi kuua mutu.» Ni kweli, ukigusa borni zote mbili na mikono mikavu hausikii kitu. Lakini hatari haiko katika volti, iko katika amperi. Kwa kuamusha moteri, batri inatoa amperi 150 ao 200, na zaidi kwa moteri kubwa ya mazuti. Kama chuma kinaunganisha borni mbili, zinatoka mamia na mamia ya amperi kwa mara moja. Kle inakuwa nyekundu sawa makaa ya mbabula, inashikamana na borni, risasi inayeyuka na kuruka. Cheche zile zikikuta gazi ya batri, sanduku linapasuka na asidi inaruka katika uso wa yule aliyeinama juu yake.

Ndiyo maana mutu anaondoa saa ya chuma, bangili, na pete ya ndoa pia, mbele ya kugusa batri. Pete ikishikwa katikati ya kle na chuma cha motokari, inaunguza kidole pande zote na haitoki. Mama hatakasirika, weka pete katika mufuko, utaivaa tena nyuma ya kazi.

Sasa sababu yenyewe

Fungua kapo, fuata waya mufupi unaotoka kwa borni ya −. Utaona umefungwa na bulo juu ya chuma cha motokari, na mara mingi juu ya moteri pia. Mafundi wanaita pale masi. Maana yake ni hii: motokari yako yote, garde-boue, kapo, moteri, shasi, iko upande wa −. Ni sawa vile borni ya − imekuwa kubwa kama motokari yenyewe.

Fikiri sasa kama unaanza na +. Unashika kle, unazungusha bulo ya +, nafasi ni ndogo, mukia wa kle unagusa chuma cha pembeni. Kle iko juu ya + na juu ya − kwa wakati mumoja. Ni ile ajali tuliyosema.

Lakini ukianza na −, na kle ikagusa chuma cha motokari, ni − inagusa −. Hakuna kitu kinapita. Na wakati − imekwisha kutoka, batri haina tena njia ya kurudi kwake. Sasa unaweza kufungua +, na hata kle ikigusa garde-boue, haitafanya kitu.

Kwa kurudisha ni kinyume: + inaingia kwanza, wakati − ingali inje. Kisha − inaingia ya mwisho. Ile iliyotoka ya kwanza ndiyo inarudi ya mwisho. Mwambie mudogo wako arudilie mara tatu mbele ya kukuachilia kle.

Namna ya kuitoa

Zimisha moteri, toa ufunguo kabisa, zimisha taa na redio. Teremsha kioo cha mulango moja, kwa sababu motokari fulani zinajifunga wakati umeme unaporudi, na ufunguo wako unabaki ndani. Kama batri iko nyuma katika kofre, acha kofre wazi. Redio fulani zinaomba namba za siri nyuma ya kukatiwa umeme. Tafuta namba hizo mbele, si nyuma. Mbele ya kugusa batri, ngoja dakika chache ili mashine zote zilale.

Chota maji. Hii wengi wanaisahau. Bidoni moja ya litre 10, maji safi, karibu na wewe, mbele ya kuanza. Katika mitaa mingi, wakati umeme unakosekana, robine pia inakauka. Asidi haitangojea muende kwa kisima.

Sasa jua + iko wapi. Usiamini rangi ya waya. Katika motokari zetu, zilizopita kwa mafundi mingi, waya wa + unaweza kuwa mweusi, wa − unaweza kuwa mwekundu, kila mumoja aliweka kile alichokuwa nacho. Pangusa vumbi juu ya sanduku, utaona alama + na − zilizochorwa katika plastiki, pembeni ya kila borni. Tena, borni ya + ni munene kidogo kuliko ile ya −. Kama bado una shaka, fuata waya: ule unaofungwa juu ya chuma cha motokari ni wa −.

Bulo ya kose (ile kichwa inayokumbatia borni) inafunguliwa mara mingi na kle ya 10, kwa motokari fulani ni 13. Legeza, kisha chezesha kose pole pole kuume na kushoto ukiivuta juu. Usiipige nyundo. Usiingize turnevisi chini yake na kuinyanyua, maana borni inaweza kupasuka kwenye shina, na asidi inaanza kutoka pale kila siku. Kose ikigoma, mwangia maji ya moto kidogo, itaachilia. Kisha ipeleke mbali na uifunike na kitambaa kikavu, kwa kuwa waya ule uko na tabia ya kurudi wenyewe pahali pake.

Fanya + vilevile. Mwishoni fungua kile chuma kinachokaza batri. Angalia, mara mingi kile chuma ni kirefu, kinaweza kufika kwa borni zote mbili. Weka kitambaa ao kipande cha chambre à air juu ya borni mbele ya kukitoa.

Batri ya motokari ndogo inapima kilo 12 mupaka 15 na zaidi. Piga magoti, usipinde mugongo, ishike pande mbili, iwe wima kila wakati. Usiiegemeze kwa shati. Mashimo hayataonekana leo. Mama atayaona siku ya kufua.

Kwa kamioni ni tofauti kidogo. Ziko na batri mbili zilizofungwa pamoja, volti 24. Hapo pia unaanza na waya wa − ule unaoenda kwa shasi, si ule mufupi unaounganisha batri na batri. Na ukiona chini ya kapo waya munene wa rangi ya machungwa, acha. Ni motokari yenye moteri mbili, ya esanse na ya umeme, na waya ule unabeba mamia ya volti. Huo unaweza kuua.

Usitoe batri moteri ikitembea!

Tunaandika hii na herufi kubwa katika kichwa, kwa maana kila mutaa uko na fundi anayefanya hivyo. Anaamusha moteri, anatoa kose, na kama moteri haizimike anasema: «Alternateri ni muzuri.» Zamani, kwa motokari zenye dinamo, kipimo kile hakikuharibu kitu kikubwa. Alternateri si dinamo. Batri ndiyo inatuliza alternateri, sawa tanki inavyotuliza maji ya pompi. Ukiitoa gafula, volti zinapanda mara moja juu sana, zinaunguza diodi za alternateri na ile kompyuta ndogo inayoongoza moteri, kitu chenye bei kubwa kuliko batri tatu. Fundi ameisha kwenda na franga zake, na wewe unabaki na motokari inayokohoa.

Ukipenda kujua kama alternateri inatumika, omba voltimetri. Moteri ikizimwa na kupumuzika, batri iliyojaa inaonyesha 12,6. Moteri ikitembea, kati ya 13,8 na 14,4. Kama haipande, alternateri iko na shida. Ni vile tu, na hakuna kose imetoka.

Batri ikiisha kuingia katika nyumba

Batri inapopokea moto (tunasema kusharje), inatoa gazi ya idrojeni. Haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 4 kwa 100 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kukusanyika chini ya dari ao chini ya bati. Chumba kidogo, dirisha limefungwa juu ya mbu, batri inasharje chini ya kitanda, buji imewashwa juu ya meza: vitu vile vinne havikai pamoja. Sharje batri inje ya chumba cha kulala, chini ya baraza ao pahali penye hewa inayopita, mbali na mbabula, buji na sigara. Funga koko za sharjeri juu ya batri kwanza, kisha ingiza prizi ya ukuta. Kwa kutoa, prizi inatoka ya mbele. Hivi cheche haitokei karibu na gazi. Moto wa polepole ni muzuri kuliko moto wa nguvu: kwa batri ya amperi-saa 45, amperi 4 ao 5 zinatosha.

Waya inayopeleka umeme kwa ampuli iwe na fizibli, karibu sana na borni ya +. Bila fizibli, waya mwembamba ukikwaruzwa na mulango ao kutafunwa na panya, unawaka moto katika urefu wake wote, na pazia linafuata. Kwa ampuli chache, fizibli ya amperi 5 inatosha.

Tuseme tena kitu kimoja ambacho wauzaji hawapendi kusema. Batri ya motokari haikutengenezwa kwa kazi ya usiku. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekonde chache, kisha alternateri inaijaza. Piga hesabu: ampuli ya wati 10 inakula karibu amperi 0,8, kwa saa tano ni amperi-saa 4. Hii batri inavumilia. Televizio ya wati 60 inakula amperi 5; filamu mbili na mupira, saa nne, ni amperi-saa 20, karibu nusu ya batri ya 45. Fanya hivyo kila usiku, mabamba yake yatakufa mbele ya mwaka kuisha, na utalalamikia Japani ao muuzaji wa soko bure. Voltimetri ikionyesha 12,2, umefika nusu. Zima televizio, acha ampuli moja. Jamaa inayoweza, inunue batri ingine ya nyumba, ile ya paneli ya jua, na kuacha batri ya motokari katika motokari. Kwa mawazo yetu ndiyo njia inayogharimu kidogo, hata kama siku ya kununua haionekani vile.

Asidi ikikurukia

Kwa ngozi: maji mingi, mara moja, na nguo iliyolowa inatoka. Kwa jicho: fungua kope na vidole, mimina maji safi pole pole kutoka upande wa pua kwenda inje, dakika 20 bila kuacha, hata kama mutoto analia na kupiga miguu. Kisha hospitali, siku ileile. Usiweke maziwa ya mama, mafuta, wala majani katika jicho. Tunajua katika nyumba fulani bibi watasema kinyume, na tunawaheshimu, lakini kwa asidi ni maji tu, na kila dakika inayopita jicho linaungua zaidi. Kwa hiyo mwenye kufanya kazi avae lineti, hata zile za jua kama hana zingine, na watoto wasimame mbali.

Kama maji ya batri yamepunguka, inaongezwa maji yaliyotakaswa (eau distillée) tu, si asidi, si maji ya robine yenye chokaa. Soma etiketi ya chupa muzuri, sababu sokoni vyote viwili vinaitwa «maji ya batri». Na usivute kamwe na mudomo.

Kuirudisha asubuhi

Mara mingi utakuta juu ya borni unga mweupe ao wa kijani. Ni chumvi ya asidi, usiiguse na vidole wala kuipuliza. Mwangia maji ya vuguvugu yenye bikarbonate, kijiko kimoja kwa kopo, sugua na burashi ya meno ya zamani, lakini vifuniko vya vyumba viwe vimefungwa ili maji yale yasiingie ndani. Kausha.

Weka batri, kaza chuma chake. Batri inayocheza inavunjika mabamba, na barabara zetu tunazijua. Angalia tena alama, kwa maana ukigeuza + na −, hata sekonde moja, diodi za alternateri zinaungua na fizibli kubwa inakatika. Kisha + kwanza, kaza. − ya mwisho, kaza. Cheche ndogo sana wakati wa kugusa − ni kawaida, ni saa ao taa ya mulango inaamuka. Cheche kubwa yenye kelele ni neno lingine: ondoa mara moja, tafuta taa iliyobaki wazi ao waya uliokwaruzwa.

Batri nyingi zenye asili ya Japani ziko na borni nyembamba, na kose ya motokari ya Ulaya inabaki inacheza. Watu wanaingiza musumari ao kipande cha mukebe. Inasaidia kuamusha moteri siku ile, lakini pahali palipolegea panapata moto, panatoa cheche katika matundu ya barabara, juu ya batri inayotoa gazi. Kuko pete ndogo za risasi zilizotengenezwa kwa kujaza nafasi ile, zinauzwa kwa bei ndogo. Ukimaliza, paka vazelini kidogo juu ya kose. Moteri inaweza kutetemeka kidogo dakika za kwanza, inajifunza tena. Rekebisha saa.

Batri iliyokufa

Usiipasue. Katika Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar katika Senegali, watu walikuwa wakipasua batri za zamani na kuchekecha udongo juu ya kutafuta risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa pale. Risasi haikuwaunguza. Iliingia pole pole na vumbi, kwa mikono, kwa chakula, kwa nguo za wazazi wao. Mutoto anaanza kuchoka, anaumwa tumbo, anasahau masomo, na nyumbani wanafikiri ni malaria ao vidudu vya tumbo.

Uza batri nzima kwa wanaokusanya, na asidi yake ndani, bila kuimwaga katika kiwanja wala katika shimo la takataka. Kijana anayefanya kazi ya kuyeyusha risasi asiingie ndani na nguo za kazi, na nguo zile zisifuliwe pamoja na za mutoto muchanga. Na sanduku la plastiki la batri ya zamani, hata likiwa zuri, hata likioshwa mara kumi, lisifanywe chombo cha kunyweshea kuku.